Jua Lililoingia kwa Nyuma

Katika nyumba yetu kule Tlawi, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Jambo hili halikuandikwa popote, wala padri hakuwahi kulihubiri au kulikemea. Lilikuwepo tu kama kizingiti cha mlango, na kila aliyeingia aliinua mguu. Mkwe akikaribishwa hukaa upande wa mlangoni, huamkia akiangalia sakafu, na akipewa kikombe cha maziwa hukipokea kwa mikono miwili bila kuufuatisha kwa macho mkono uliompa. Nilikulia ndani ya desturi hiyo nikaiona nzuri. Leo siioni nzuri, na nataka kueleza kwa utaratibu sababu yake, maana nimechoka kusikia habari ya picha ya mama ikisimuliwa vibaya katika kila shughuli ya ukoo wetu.

Shemeji yangu, mume wa dada, si mtu wa huku. Ni mzaliwa wa Ruvuma, aliyeletwa na ajira ya ualimu hadi Katesh, wilayani Hanang, akakutana na dada yangu huko huko kazini. Siku aliyokuja kujitambulisha nyumbani alimtazama mama kama watu wa kwao wanavyotazamana, moja kwa moja na kwa tabasamu.  Mama akazungumza kwa Kiswahili, ingawa si lugha anayoipenda, ili mgeni asipate kisingizio cha kutoelewa.

"Mwanangu, kwenu mnatazamana hivi na mama mkwe?"

"Ndiyo, mama. Kwetu ni kawaida."

"Hapa macho huwa yanakaa chini."

Kaka yangu mkubwa alicheka kwa sauti. "Shemeji, we hesabu vigae vya sakafu, vitakusaidia."

Sakafu yetu ilikuwa ya saruji tupu, haikuwa na kigae hata kimoja. Shemeji alicheka pamoja nasi, akainamisha uso, na tangu siku ile hakuuinua tena mbele ya mama. Alitii kuliko sisi tuliozaliwa na desturi hiyo. Mimi nina rafiki zangu wawili watatu, wenyeji kabisa, ambao humtupia mama mkwe jicho la kuibia anapomimina chai. Yeye hakuibia. Mama alimsifu kwa hilo mbele ya majirani, na sifa ya mama haikuwa kitu cha kutolewa ovyo.

Mwishoni mwa wiki shemeji alikuwa mpiga picha. Alipiga harusi, kipaimara na mahafali kuanzia Katesh hadi Dareda, na alikuwa na kamera kubwa, nyeusi, ya lenzi inayotoka na kurudi, yenye kijidirisha kidogo nyuma ambamo mpigaji huweka jicho ili aone kile ambacho lenzi inakiona. Naomba msomaji akikumbuke kijidirisha hicho.

Mama aliota uvimbe katika taya. Kwa muda mrefu alisema ni jino. Alipokubali kwenda hospitali, alipelekwa kwanza mjini Mbulu, kisha rufaa, na huko daktari akasema kwamba sehemu ya taya itaondolewa, na kwamba uso hautarudi kuwa ule ule. Mama alisikiliza maelezo yote bila kuuliza swali. Swali aliliuliza njiani tukirudi, na halikuwa juu ya ugonjwa.

"Ile picha ya baba yenu ilipigwa wapi?"

Picha ya baba ilipigwa studio, zamani, mjini. Iko ukutani sebuleni ndani ya fremu ya mbao: mwanamume wa makamo aliyefunga kifungo cha juu cha shati, asiyecheka, anayemtazama kila anayeingia. Kando yake palikuwa na nafasi ambayo haikuwahi kujazwa, kwa kuwa mama alikuwa akiahirisha. Kulikuwa na kilimo, kulikuwa na vitunguu saumu vya kuvuna, kulikuwa na mtoto wa kusomesha.

"Nataka ya kukaa pale," alisema. "Kabla hawajanikata."

Picha za simu hakuzitaka. Wajukuu walikwisha kumpiga nyingi, na katika zote ameinua kiganja au amegeuka au anamfukuza kuku. Nyingine ina nusu ya sikio. Aliziita picha za kuchungulia. Alitaka akalishwe kwenye kiti, aambiwe kwamba sasa anapigwa, akae vizuri, apigwe. Uvimbe wakati huo ulikuwa bado mdogo, ukionekana kwa yule tu aliyeambiwa. Uso wake ulikuwa bado wa kwake.

Basi shemeji aliitwa. Alipanda basi, akapitia Dareda, akafika Tlawi Jumapili baada ya misa, amebeba kamera shingoni na stendi ya miguu mitatu begani. Kwanza aliwapiga watoto. Akapiga familia ya kaka, akapiga wajukuu mbele ya mafungu ya vitunguu saumu yaliyoanikwa, akampiga shangazi yetu, dada ya marehemu baba, ambaye alibadilisha kilemba kwa kila picha. Katika hizo zote jicho lake lilikuwa limegandamana na kijidirisha, kichwa kikiyumba pamoja na kamera, kama ilivyo kazi yao.

Ikafika zamu ya mama. Joto la jua lilimuumiza taya, kwa hiyo tulimwekea kiti ndani ya baraza, kivulini kabisa, karibu na mlango. Kamera ilibaki nje uani, katika jua la alasiri. Shemeji aliisimamisha juu ya stendi, kisha akasita. Nilielewa sababu ya kusita kwake kabla hajasema neno. Kupiga picha ya uso ni kuutazama, tena si kwa kuupitia tu: ni kuuleta karibu kwa lenzi, kukaa nao, kungoja macho yatulie, kuona kila kunyanzi. Hakuna namna ya kumtazama mama mkwe iliyo kubwa kuliko hiyo.

Alinivuta pembeni. "Shemeji, nisaidie. Kaa wewe kwanza kwenye kiti."

Nilikaa. Aliweka jicho, akanipanga, akanisogeza kushoto, akaifunga stendi isicheze. "Unafaa hata kwenye kitambulisho," aliniambia.

"Na wewe unafaa kuwa polisi," nikamjibu.

Nikainuka, mama akakaa mahali pangu. Naye shemeji akaiacha kamera pale juu ya miguu yake mitatu, akajitenga kando, karibu na ukuta wa zizi, akatoa mfukoni rimoti ndogo, akaangalia chini.

Shangazi alipendezwa mno. "Huyu amefundwa," alisema.

"Heshima ya rimoti," kaka alisema. "Hiyo hata mababu hawakuwa nayo."

Watu walicheka, na mama pia karibu acheke. Akaniuliza mimi, maana mpigaji hakuwa wa kuulizwa, "Nicheke au nisicheke?"

"Unavyopenda mwenyewe, mama."

"Baba yenu hakucheka." Akafumba mdomo, akaweka mikono juu ya magoti, akaitazama kamera. Aliitazama kwa uthabiti ambao sikuwahi kuuona machoni pake. Nadhani alikuwa anaaga. Kamera ililia, ikatulia, ikalia tena, mara kadhaa, huku shemeji akiutazama udongo.

Nakumbuka vizuri mahali jua lilipokuwa. Lilikuwa limeteremka juu ya mikaratusi, nyuma ya kamera, na kivuli cha stendi kilinyooka uani hadi kwenye ngazi ya baraza, kikakaribia miguu ya mama. Wakati ule nilidhani kivuli kile ni uzuri wa siku.

Kamera za namna hiyo zina kioo nyuma ambacho huonyesha picha mara tu inapopigwa. Shemeji hakukitazama. Kuukodolea macho uso wa mama ndani ya kioo, mama mwenyewe akiwa amekaa palepale, kwake kulikuwa sawa na kuukodolea uso wenyewe. Akaikunja stendi, akanywa maziwa yake akiangalia saruji, akawahi gari la kurudi.

Alipofika kwake Katesh akafungua picha katika kompyuta. Watoto walitoka. Vitunguu saumu vilitoka, kilemba cha shangazi kilitoka na rangi zake zote. Za mama zilikuwa nyeusi. Si kwamba hapakuwa na kitu. Palikuwa na ukingo wa kiti, weupe hafifu wa kola, na mahali pa uso palikuwa na umbo la uso, kama mtu aliyekaa chumbani taa ikiwa imezimwa.

Alimpigia kaka simu kesho yake alfajiri. Safari ya hospitali ilikuwa Jumatano. Alisema ataomba ruhusa shuleni, atapanda basi la kwanza Jumanne, atapiga tena, na jioni atarudi. Muda ulikuwepo. Narudia, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo katika masimulizi ya ukoo hurukwa: muda ulikuwepo.

Kaka alikataa. Alimwambia mgonjwa anaandaliwa, asisumbuliwe. Alimwambia pia, na haya nimeyapata kwa dada aliyekuwa kando ya simu, "Picha zote zitoke, ya mama peke yake isitoke? Acha, shemeji. Acha hivyo hivyo." Kaka yangu ni mwenyekiti wa kigango, husoma masomo kanisani kwa sauti nzuri, na mtu akimtajia ramli humfukuza barazani. Hata hivyo aliona uso wa mama yake umetoka mweusi siku chache kabla ya kisu, akaogopa, na badala ya kuitaja hofu yake akaiita huruma kwa mgonjwa. Sisi wengine hakutuambia. Jumatano mama aliondoka akiamini kwamba uso wake umebaki nyumbani salama.

Alirudi baada ya wiki nyingi. Upasuaji ulifanikiwa, hilo tunalishukuru na sitalipunguza. Lakini upande mmoja wa uso ulikuwa umeingia ndani na mdomo umevutwa, na tangu mlangoni alikuwa amejifunga kanga kuanzia puani. Alipokwisha kukaa alitazama ukuta, pale kando ya baba.

"Bado hamjaitundika?"

Kaka alisema fremu inatengenezwa. Akaisema hivyo mara nyingi, hadi habari zikamfikia mama kwa njia ya shangazi, nazo zilikuwa zimekwisha kupikwa: kwamba shemeji amemfunika uso mama mkwe wake, kwamba watu wa mbali wana mambo yao, kwamba kamera iliyowaona wote imekataaje kumwona mmoja? Dada yangu alianza kuja nyumbani peke yake. Mara moja nilimkuta jikoni anakoroga ugali na machozi yanamtoka, wala hakuniambia ni moshi.

Nilisomeshwa seminari, kwa walimu waliotufundisha kwamba mambo mawili yakifanana kwa yote isipokuwa moja, na matokeo yakatofautiana, mtu aanzie kwenye lile moja. Nilikwenda Katesh. Shemeji alinipokea kama anayengoja hukumu.

"Umetumwa?"

"Sijatumwa. Nionyeshe zote."

Alinionyesha. Kamera ni ile ile, siku ile ile, mpigaji yule yule, na kupima mwanga aliiachia kamera yenyewe, kwa watoto na kwa mama. Kivuli cha baraza hakikuwa sababu, kwa maana shangazi naye alipigwa mara moja akiwa ndani ya baraza, akatoka safi. Nilimwomba anieleze alisimama wapi kwa kila picha. Aliponieleza, nikamwambia alete kiti.

Tuliweka kiti mlangoni kwake, kivulini, na kamera nje, jua likiwa mgongoni mwake. Kwanza akaweka jicho, akabonyeza: kiti kikatoka chenye mwanga mzuri, hata msumari uliolegea ulionekana. Akaliondoa jicho, akasogea kando, akabonyeza kwa rimoti: kiti kikazama gizani. Kisha nikaweka kiganja changu juu ya kijidirisha, yeye akabonyeza kutoka kule kule: kiti kikarudi.

Maelezo yake ni rahisi, na kama yangekuwa magumu yasingeniuma hivi. Ndani ya kamera ile mwanga unaopanda kwenda katika jicho la mpigaji ndio huo huo unaopimwa, katika chumba kimoja. Jicho linapokuwa mahali pake, kichwa cha mpigaji ni kizibo. Jicho likiondoka, kijidirisha huwa dirisha kweli: jua huingia kwa nyuma, hukiangukia kipimio, nacho hakina namna ya kujua kwamba mwanga huo haukutoka kwa yule aliyekaa mbele. Kikahesabu jua la mikaratusi kuwa jua la mama. Kikaona mama anang'aa mno, kikaamuru mlango wa lenzi ufunguliwe kwa kitambo kifupi sana. Hakikudanganya. Kilipima sawasawa mwanga usiohusika.

Katika mkanda wa kamera palikuwa na kipande cha mpira, kidogo, cha kuziba kijidirisha pale ambapo mpigaji hatakuwepo nyuma yake. Shemeji alikishika kwa vidole.

"Hiki nilidhani ni pambo la mkanda."

"Umepiga harusi ngapi bila kukitumia?"

"Harusini shemeji, kila mtu huwa namtazama."

Hakukusudia kusema jambo zito. Alisema tu jinsi ilivyo.

Nilirudi Tlawi nikawakusanya waliokuwa wamesema: kaka, shangazi, na dada. Mama alikuwa chumbani, mlango ukiwa wazi nusu. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa, polepole, bila kumlaumu yeyote. Kaka alinisikiliza mikono ikiwa nyuma.

"Kwa hiyo umetoka hapa hadi Katesh kutuletea habari kwamba jua liliingia kwa nyuma?"

"Ndiyo."

"Na kwenye picha za watoto hilo jua lilikuwa limekwenda wapi?"

"Watoto aliwatazama."

"Na mimi je?" shangazi akauliza.

"Na wewe, shangazi. Wote aliwatazama."

Hapo ikasikika sauti kutoka chumbani, nzito, yenye herufi zilizovunjika kama anavyozungumza sasa.

"Kwa nini mimi hakunitazama?"

 Dada aliangalia sakafu. Kaka, ambaye ana jibu kwa kila jambo, aliitafuta kofia yake ilhali alikuwa ameivaa. Mama alingoja, na nina hakika kwamba alikumbuka kabla hatujathubutu kumkumbusha, kwa kuwa hakurudia swali.

Shemeji alikuja baada ya majuma kadhaa. Alikaa upande wa mlangoni, akaamkia, "Shikamoo, mama," na mama akaitikia, "Marahaba." Kamera alikuwa nayo. Akasema, akiiambia saruji, kwamba akiruhusiwa atapiga upya, kwamba safari hii ataweka jicho mwenyewe, atatazama, na kama ni kosa Mungu na wazee watamsamehe. Ilimgharimu kulisema hilo. 

Mama alivuta kanga ikapanda hadi chini ya macho.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Sasa ndiyo usinitazame."

Shemeji alijaribu jambo jingine. Alifungua kompyuta, akamwonyesha dada jinsi picha ile nyeusi inavyoweza kupandishwa mwanga. Uso ulijitokeza kweli, ila ulitoka wa rangi ya majivu, wenye vidoadoa kama ukungu wa mkate. Dada aliupeleka kwa mama chumbani. Akarudi na jibu kwamba iachwe ilivyokuwa, iwekwe kwenye fremu, itundikwe. Kaka alisema ni aibu, wageni watasemaje? Mama alisema humo yeye ni mzima.

Iko ukutani, kando ya baba. Kwa kuwa ni nyeusi na ina kioo, haimwonyeshi mama kwa urahisi. Mtu akisimama mbele yake huona kwanza sura yake mwenyewe, na nyuma ya sura hiyo mlango ulio wazi na ua wenye jua. Ili amwone mama inambidi azuie mwanga ule kwa viganja viwili kando ya macho na kusogea karibu sana, na hapo, taratibu, hutokea kola, kisha kidevu, kidevu kizima. Nimefanya hivyo mara nyingi nyumba ikiwa haina watu. Wageni hawafanyi. Huuliza ni nani, na kaka huwajibu kwamba picha iliharibika, bila kusema iliharibikaje wala ni nani aliyekataa irudiwe.

Shemeji bado huja Sikukuu ya Krismasi na Pasaka. Hukaa upande wake wa mlangoni. Kiti chake zamani kilielekea ukuta ule; sasa, bila kuambiwa na mtu, hukigeuza kwanza, kisha ndipo hukaa, mgongo ukiwa kwenye picha, akapokea maziwa yake kwa mikono miwili.